Msaada: "Hoja haijitokezi" kila aya ya insha

Mtafutaji: Wakuu, mtihani wa mwigo (mock) wa Kidato cha Nne ni juma lijalo, Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, ile ya insha. Kila insha inarudi na "hoja haijitokezi" pembeni mwa aya. Nimekwama. Sentensi ya kwanza ya aya iandikweje?

Kalamu Nyekundu: Wengi hutaja mada wakidhani ni hoja. "Simu zina athari shuleni" ni mada. Mtahini hajui unaelekea wapi. Andika: "Simu humnyima mwanafunzi wa bweni usingizi." Sasa kila sentensi inayofuata ina kazi: taa zikizimwa anaperuzi, asubuhi anasinzia, zoezi halimaliziki. Ikichomoza sentensi ya bei ya simu, itoe au uifungulie aya yake.

Bi Hijai: Hati na tahajia ndizo zinazowamaliza vijana. Someni vitabu!

Pwani Kwetu: Mtafutaji, weka aya yako tuione.

Mtafutaji: "Hakuna kizuri kisicho na ila. Simu nayo ina mazuri na mabaya. Baadhi ya wanafunzi huitumia kuiba mitihani..."

Pwani Kwetu: Sentensi hiyo ya kwanza ingekaa vilevile kwenye insha ya ufugaji. Umeitoa wapi?

Mtafutaji: Sawa, nina orodha ya sentensi 15 za kufungulia aya, nimezikariri. Lakini zina methali, na mtindo una alama. Tena ni saa 1¾ kwa insha mbili, nitabuni saa ngapi? Siziachi sasa.

Kalamu Nyekundu: Methali ipeleke mwisho wa aya, kama inaoana na hoja. Muda upo: dakika 5 za mwanzo wa kila insha, andika hoja sita, kila moja sentensi kamili, si "usingizi" tupu. Kisha iulize "kivipi?" Ikikosa majibu matatu ni nyembamba, iunganishe na nyingine. Majibu yakizidi aya, igawe. Kwa maneno 400, aya ya hoja ni maneno 50 hadi 60, utangulizi na hitimisho vigawane yaliyobaki.

Chunguza Kwanza: Kidato cha Nne, siku ya shule, yuko mtandaoni? Hadithi hii imetungwa. Huyu anakusanya noti za masomo aziuze.

Mtafutaji: Mimi ni mtahiniwa wa kibinafsi, mchana niko kazini.

Chunguza Kwanza: Na mwigo anakuandalia nani?

Mtafutaji: Kituo nilikojisajili. Situngi chochote.

Pwani Kwetu: Hata kama katunga, aya ni hii hapa. Futa sentensi mbili za mwanzo. Ya tatu ndiyo hoja, ila haisemi wizi unawezekanaje.

Mtafutaji: "Simu hurahisisha udanganyifu kwa kuwa picha ya karatasi husambaa kabla mtihani haujaanza"?

Kalamu Nyekundu: Naam, hiyo inajibu "kivipi?" yenyewe. Aya inayofuata usiianze kwa "Pili". Ishikishe na hii: "Hata asiyedanganya, simu humnyima usingizi."