Kijana wetu amepata kazi kwa meli za watalii na mama amekataa kabisa, hizi ajali ziko aje kweli?

NyarNyalenda

Habarini wapendwa. Niko hapa Kisumu, naomba mawazo yenu juu kwetu nyumbani hatulali. Kijana wetu kitinda mimba ana miaka 24, alisomea mambo ya hoteli hapa town, na sasa amepata kazi kwa zile meli kubwa za watalii, ataanzia kuosha vyombo jikoni, kontrakti ya miezi tisa, na atapandia meli huko Ulaya. Yeye ana furaha hadi ameanza kuaga majirani.

Shida ni mama. Mama alipoteza kaka yake kwa ziwa tukiwa wadogo, boti ilitoka Usenge ikienda Mageta na upepo ukaipata katikati, mwili ulionekana siku ya tatu umekwama kwa magugu, na tangu hapo mama hapandi hata feri ya Mbita, heri azunguke na matatu kupitia Homa Bay siku nzima. Sasa juzi mtu wa kanisa akamwonyesha kwa simu ile meli ya Italia iliyolala ubavu. Mama akazima simu akaingia chumbani. Amesema kama mtoto anaenda kufia kwa maji basi asimuage.

Nauliza watu wanaojua, sio wa kunifariji tu. Hizi meli huzama? Watu hufa huko ndani na nini? Na mfanyakazi akiumia au akifa nani hubeba huo mzigo? Alafu ejenti anaitisha 85,000 ya kushughulikia makaratasi kabla barua ya kazi itoke, hiyo ni sawa?

FundiWaMbita

Dada pole sana, na pole kwa mama. Mimi hutengeneza injini za boti hapa Mbita miaka kumi na kitu, nimetoa watu kwa maji wakiwa hai na nimetoa wengine wakiwa hawako, kwa hivyo hofu ya mama naijua vizuri, hiyo si ushamba, hiyo ni kitu ameona.

Lakini tuangalie nini hasa huua watu huku kwetu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, serikali ya Tanzania ikasema waliokufa ni 894, na kila mtu anajua ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. MV Nyerere ikapinduka Septemba 2018 karibu na Ukara, ilitengenezewa watu 101, waliokufa peke yao walipita 220. Na boti zetu za mbao ni hivyo hivyo, magunia juu, watu juu ya magunia, laifujaketi zimefungwa kwa kamba kule mbele ndio zisiibiwe. Hiyo meli ya kijana haiwezi toka bandarini ikiwa imezidisha watu, kila jina liko kwa kompyuta na boti za kuokolea zinahesabiwa. Kwa hiyo sababu iliyoua mjomba wenu sio itakayomkuta huko.

Huko huwa ni vitu vingine. Mfano Machi 2019 meli inaitwa Viking Sky ilizimikiwa na injini baharini kule Norwe, mawimbi makubwa, watu 1,373 ndani, na ilikuwa inasukumwa kuelekea mawe. Helikopta zikatoa watu 479 mmoja mmoja na kamba hadi injini zikawaka tena. Unajua ilikuwa nini? Oili. Oili ya injini ilikuwa chini, meli ikiyumba oili inakimbilia upande mmoja, injini zinajizima zenyewe zisiungue. Mimi nikisoma hiyo nilikaa chini, juu ni kitu naambia hawa vijana wa boti kila asubuhi, pima oili kabla utoke, na wananiona mzee wa kelele. Meli ya pesa yote hiyo! Hakuna aliyekufa lakini, Mungu alisaidia na marubani walikuwa wanaume kweli.

Hiyo ya Italia nayo ni nahodha tu. Alipeleka meli kwa mawe akienda kusalimia kisiwa, alafu akatoroka akaacha watu. Nahodha mbaya ni mbaya popote, hata kwa mtumbwi.

Kaptembwo_Baharini

Niko Nakuru, nimefanya kontrakti tatu kwa meli za watalii, mbili nikiwa jikoni hivyo hivyo kama huyo kijana, ya tatu nikahudumu mezani. Wacha niseme kwa urefu, mnisamehe.

Fundi, heshima kwako, lakini hiyo meli ya Italia, Costa Concordia, usimwekee nahodha peke yake. Ni kweli nahodha wake, Schettino, alipewa miaka 16 jela na alistahili. Lakini ona venye ilienda. Tarehe 13 Januari 2012, saa nne kasorobo usiku, meli inagonga mwamba pale kisiwa cha Giglio, iko na watu zaidi ya 4,200. Abiria wanaambiwa ni shida ya stima, warudi vyumbani. Amri ya kuacha meli inatoka zaidi ya saa nzima baadaye, meli tayari imeanza kulala, na meli ikilala boti za upande mmoja hazishuki tena. Na mamia ya abiria waliopandia Civitavecchia siku hiyo hiyo walikuwa hawajafanyishwa mazoezi ya dharura, juu sheria wakati huo iliruhusu ifanywe ndani ya saa 24. Baada ya hapo ikabadilishwa, sasa ni kabla meli itoke au ikitoka tu. Walikufa 32, na mama ajue hii, watano kati yao walikuwa wafanyakazi. Mwili wa mwisho kupatikana ni wa mhudumu wa chakula kutoka India, ulipatikana Novemba 2014, karibu miaka mitatu, wakati meli inakatwa vyuma. Mimi huyo mtu namfikiria sana. Alikuwa mtu wa mezani, kama mimi.

Ndio maana nasema swali la mama ni zuri lakini halijamalizika. Abiria na mfanyakazi hawako kwa meli moja hata kama wako kwa meli moja. King'ora kikilia, saba fupi na moja ndefu, abiria anaenda kuokolewa, kijana wenu anaenda kazini. Kila mfanyakazi, hata wa kuosha sufuria, amepewa namba na kituo chake, kuna anayesimama kwa ngazi kuelekeza watu, kuna anayehesabu, kuna wa kukagua vyumba, na unatoka mwisho. Sisi tulikuwa tunafanya hiyo drili karibu kila wiki, na kuna watu wanaifanya wakisinzia juu wametoka shifti ya usiku. Mwambie asisinzie. Ajue njia ya kutoka jikoni hadi kituo chake gizani, ahesabu milango, ashike ukuta. Nilifanya hivyo wiki yangu ya kwanza, macho nimefunga, wenzangu wakanicheka, baadaye stima ikapotea kweli usiku mmoja kwa dakika chache na mimi ndio nilitoa watu sita pale chini.

Na drili yenyewe inaweza kuua. Februari 2013 meli Thomson Majesty ikiwa imefunga bandarini La Palma, visiwa vya Canary, walikuwa wanafanya mazoezi ya boti, waya ikakatika, boti ikaanguka kichwa chini miguu juu na watu wanane ndani. Watano wakafa, Waindonesia watatu, Mfilipino mmoja na Mghana mmoja. Hakuna abiria hata mmoja. Septemba 2016 ikatokea tena Marseille kwa Harmony of the Seas, boti ikaanguka kwa mazoezi, mfanyakazi mmoja akafa na wanne wakaumia. Hizo habari hazikukaa kwa runinga siku mbili.

Vitu vingine ni vya kila siku. Mafuta moto meli ikiyumba. Sakafu yenye maji. Kamba za kufungia meli bandarini, zikikatika zinarudi kama risasi, asisimame karibu hata kama anataka picha. Na ile milango mizito ya chuma ya kuzuia maji huko chini, inajifunga yenyewe na haingojei mtu, usipite ikiwa inatembea, USIPITE, hata kama mpishi mkuu anakuita kwa hasira. Mimi niliona mwenzangu akipoteza vidole viwili hapo, kampuni sitaitaja. Uchovu ndio ulimponza, alikuwa ameshinda kwa miguu. Sheria ya kimataifa inasema mfanyakazi apumzike saa 10 kwa kila saa 24, na saa 77 kwa wiki, kwa hivyo aandike saa zake za kweli, asisaini karatasi ya uongo.

Fundi anajua ziwa. Mimi naongezea kisa kimoja kwa mama, hiki kina faraja. Agosti 1991 meli ya Wagiriki inaitwa Oceanos ilizama kwa dhoruba pwani ya Afrika Kusini. Nahodha aliondoka na helikopta abiria wakiwa bado ndani. Waliobaki kupanga watu ni wanamuziki wa meli, mpiga gitaa ndiye aliyeongea kwa redio kuita msaada. Watu 571, wote wakatoka hai, wote. Watu wa gitaa, mama, sio mabaharia.

FundiWaMbita

Omera nimekusikia. Hiyo ya kurudisha watu vyumbani sikuwa najua. Basi makosa ni ya wengi.

SistaMulembe

Mulembe. Mimi ni muuguzi hapa Kakamega, na binamu yangu ni muuguzi kwa meli ya watalii, kwa hivyo hili la vifo huwa tunalizungumza sana akija likizo.

Dada, wengi wanaokufa kwa meli hizo hawafi maji. Wanakufa moyo. Abiria wengi ni wazee, amekula chumvi nyingi, amepanda ngazi kwa jua, ana presha na ameacha dawa kwa begi lililopotea, na hospitali ya maana iko siku mbili mbele. Meli ina kliniki na ina chumba kidogo cha baridi cha kuhifadhi maiti, ndiyo, kila meli kubwa inacho, na hilo si jambo la kumtisha mama, ni kama vile hospitali zetu zilivyo nacho.

Wa pili ni wanaoanguka kutoka juu. Hao wapo, na wengi ni pombe, kukaa juu ya vyuma vya pembeni, au huzuni ambayo mtu hakuisema. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010, vyuma hivyo viwe na kimo cha karibu sentimita 107 na kila mtu aliyepotea au uhalifu uripotiwe FBI kama unahusu Mmarekani. Ukianguka kutoka sitaha ya juu ni kama ghorofa, maji yanakupokea kama saruji. Mfunzeni kijana hivi: akiona mtu ameanguka apige kelele, arushe boya, na anyooshe kidole pale mtu alipo bila kuondoa macho hata sekunde moja, mwingine ndiye akaite nahodha. Kichwa cha mtu ndani ya bahari ukikipoteza mara moja hukioni tena. Na hiyo huzuni niliyoitaja, msipuuze, miezi tisa chini ya maji bila dirisha ni mingi, mumpigie.

La mwisho ni matapishi na kuhara, virusi vya noro, vinaenea melini kama moto wa nyasi. Yeye ako jikoni. Ile dawa ya kupaka mikononi haiviui vizuri, ni sabuni na maji. Na akiumwa tumbo aseme, asifiche kwa kuogopa kukatwa mshahara.

Kaptembwo_Baharini

Sista umesema kweli yote.

NyarNyalenda nilisahau ya ejenti. HAPANA. Mkataba wa kazi za baharini wa 2006 unakataza mfanyakazi kutozwa pesa ya kutafutiwa kazi. Unaweza lipia pasipoti yako, cheti cha daktari, kitabu cha baharia, basi. Uliza kama huyo ejenti ana leseni ya Kenya Maritime Authority, ile mamlaka ya serikali ya mambo ya bahari, na uende uthibitishe kwao wenyewe, sio kwa karatasi anakuonyesha. Kozi ya usalama, ile ya kuogelea na jaketi, kuzima moto na huduma ya kwanza, inafanywa Bandari Maritime Academy Mombasa na huko kuna risiti. Mkataba huo huo ndio unasema akiumia kazini kampuni itibu na imrudishe nyumbani, na akifa kuna fidia. Lakini soma kontrakti, angalia kesi itasikizwa nchi gani, juu meli nyingi zina bendera ya Bahamas au Panama na familia ya Kisumu haiwezi anza kukimbizana huko. Na ile fomu ya mtu wa karibu aandike namba inayoshika, sio ya mama kama simu ya mama huzima.

Anajua kuogelea?

NyarNyalenda

Asanteni sana, nimesoma yote nikilia kidogo. Hajui kuogelea. Mama hakuturuhusu sisi wote kukaribia maji, tumekulia kilomita mbili kutoka ziwani na hakuna anayejua.

Nimemsomea mama jana usiku, nimetafsiri kwa Dholuo pole pole. Ile ya mtu wa India amekaa nayo sana, akauliza kama ana mama. Alafu ile ya wanamuziki akaniambia nirudie. Leo asubuhi amemwita kijana akamwambia ejenti asipewe hata shilingi, na kabla ya kwenda Mombasa aanze kufunzwa kuogelea, na si ziwani, kwa hoteli penye dimbwi na mwalimu. Hajasema ndiyo. Lakini amenituma niulize swali moja: huko wanaweza kupiga simu Jumapili?

Kaptembwo_Baharini

Wakati wangu intaneti ya meli ilikuwa ya kulipia na mbovu, mimi nilikuwa napiga siku za bandarini tu. Mwambie mama apewe ratiba ya meli mapema, aibandike ukutani, ajue tarehe gani wako bandari gani. Wakivuka bahari kubwa anaweza kaa siku sita saba bila kusikia chochote, na hiyo haimaanishi kitu kibaya. Mama yangu alikuwa anaweka alama kwa kalenda na kalamu nyekundu.