Tupeane uzoefu: meno, dawa za akili na mfuko mwepesi (Lamu na Malindi)

dau_la_mwao (ameanzisha)
Assalam aleikum wenzangu. Uzi huu ni wa wanaotumia dawa za akili na wanaowauguza. Meno yanaharibika haraka, pesa hakuna, na ukienda kung'oa unaulizwa dawa gani unatumia, unabaki kukodoa macho. Tafadhali visa vya kulia tuviweke kando. Leteni kinachofanywa, kwa kipimo chake, na pale kinapoharibika.

kibao_cha_mbuzi
Tuanzie kwenye mate, maana huko ndiko hasara inakoanzia. Mate ndiyo yanayosafisha asidi ya vijidudu mdomoni. Dawa za akili kama amitriptyline, Largactil na olanzapine hukausha mate. Artane, ile inayotolewa kutuliza mikono inayotetemeka na shingo inayokakamaa, hukausha kuliko nyingi. Kuna watu wanaendelea kumeza Artane miaka nenda miaka rudi ilhali dawa iliyoleta mtetemeko ilishabadilishwa au kupunguzwa. Ukienda kliniki uliza hivi: "Hii Artane bado naihitaji?" Usiiache mwenyewe, ipunguzwe na aliyeiandika.

Pigeni mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi, na mtazame mgongo wa tyubu: tafuta namba 1,000 mpaka 1,500 ppm. Ile ya mitishamba isiyo na floridi haizuii kutoboka, hata iwe na mkaratusi na mwarobaini vyote pamoja. Kiasi ni punje ya kunde. Ukimaliza tema povu, USISUKUTUE KWA MAJI. Hapo ndipo wengi tunapotupa pesa, floridi yote inaishia karoni. Ikibidi uchague mara moja kwa siku, chagua usiku, kwa sababu ukilala mate hupungua zaidi.

Mdomo ukiwa mkavu sana, robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea (baking soda) kwenye glasi ya maji, sukutua na uteme. Ukiona utando mweupe ulimini unaofutika na kuacha wekundu, huo ni ukungu, una dawa yake, na mswaki peke yake hautauondoa.

mtaa_wa_langoni
Nyongeza kwa kibao_cha_mbuzi. Kiu ya dawa wengi wanaizima kwa soda na chai ya sukari vijiko vinne, wanapiga funda moja moja kutwa nzima. Kinachodhuru zaidi ni mara ngapi sukari inapita mdomoni. Glasi moja iliyonywewa na chakula ni afadhali kuliko nusu glasi iliyobembelezwa kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Kahawa tungu haina neno, ila tende na halua inayokuja nayo ndiyo inayoganda kwenye gego. Mabuyu ni balaa zaidi: unamumunya kokwa moja dakika kumi, sukari na rangi zikiyeyuka polepole juu ya jino.

Muguka nao (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) sitaupitia kimya. Unakausha mdomo, unatafunwa na peremende na big-ji (chingamu), halafu unachokoza ugonjwa wenyewe. Anayetafuna huku anachoma sindano ya mwezi ya dawa ya akili anavuta kamba pande mbili.

risiti_mkononi
Pesa sasa. Nawaandikia kwa mpango ninaowapa watu kwenye foleni.

Kwanza SHA, bima ya afya ya serikali. Kujisajili ni bure, *147# au kwa wahudumu wa afya. Ukishasajiliwa, zahanati na kituo cha afya (leveli 2 na 3) hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi hata kama hujachanga. Hospitali kubwa zinataka mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hupimwa kwa maswali ya nyumba: ukuta, paa, choo, taa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hutolewa kwa mkupuo. Wasioweza wana mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Kosa la kawaida: mtu anajibu maswali kuhusu nyumba ya ukoo aliyozaliwa badala ya chumba anacholala, anakadiriwa juu. Kosa la pili: amesajiliwa kwa simu ya mpwawe, namba ya siri inaenda kwa mpwa, na mpwa yuko Mombasa.

Msidhani kila kazi ya meno imo. Kabla ya kukalia kiti uliza bei nne, mojamoja: kadi, picha, kazi yenyewe, dawa. Ukiuliza "ni pesa ngapi?" unatajiwa ya kazi tu, halafu picha inakukuta njiani.

Huna kabisa? Hospitali ya umma huwa na afisa wa ustawi wa jamii anayeweza kupendekeza msamaha wa malipo. Nenda kwake KABLA ya kutibiwa, na kitambulisho, barua ya chifu na kadi ya kliniki ya akili. Ukienda baada ya bili umeshakuwa mdaiwa, maneno ni mengine.

Ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaokuzuia kufanya kazi unaweza kukusajilisha kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kukaguliwa na hospitali. Inua Jamii, pesa za msaada za serikali, kwa wenye ulemavu mkubwa ni 2,000 kwa mwezi, ila msiiwekee ahadi ya tarehe, huchelewa.

dau_la_mwao
Kwa wa Faza, Siyu na Kizingitini, kule kisiwani Pate, nauli ya boti inaweza kupita bei ya jino. Kwa hivyo?

risiti_mkononi
Funga safari mbili kuwa moja. Piga simu au tuma mtu aulize siku ya kliniki ya akili na siku mtu wa meno yupo, uombe tarehe ya sindano isogezwe zikutane. Kisha tazama maji: mfereji wa bahari wa Mkanda ukipwa boti hazipiti, ukichelewa kwenye foleni umelala Amu (mjini Lamu). Ingia foleni ya meno kwanza, chukua namba, ndipo uende ya akili. Chumba cha meno hufungwa mapema.

koleo_na_ganzi
Mimi naongelea kwenye kiti. Andika karatasi moja: jina la kila dawa, miligramu, mara ngapi, sindano ya mwisho lini, aleji. Picha ya pakiti kwenye simu pia inatosha. Usiseme "natumia za usingizi". Majina ndiyo yanayobadilisha matibabu:

Lithium (ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka): usipewe ibuprofen (Brufen) wala diclofenac. Zinapandisha lithium kwenye damu. Kutapika, kuharisha, mikono kutetemeka sana, kuyumba kama mlevi: hospitali hapo hapo. Flagyl (antibayotiki) nayo inaweza kuipandisha, mwambie anayeandika. Dawa ya maumivu ni paracetamol, vidonge viwili vya 500 kila saa sita, visizidi vinane kwa siku.

Epilim (ya kifafa, pia ya kutuliza hisia): inaweza kupunguza chembe za kugandisha damu. Fluoxetine (ya sonona) ikikutana na aspirini au Brufen, damu hutoka zaidi. Waambie kabla ya kung'oa.

Amitriptyline na Largactil: sema kabla ya ganzi, kwa sababu ganzi nyingi zina adrenalini. Baadaye kaa kitako dakika chache ndipo usimame; presha hushuka ghafla, mtu anaanguka mlangoni.

Na jambo linaloharibu siku za watu wengi: wanaruka dozi ya asubuhi na kufunga kula, wakidhani ganzi inataka tumbo tupu. Ganzi ya sindano ya ufizi haitaki hivyo. Kunywa dawa zako, kula, nenda.

Halafu msiharakishwe kung'oa. Tundu dogo lisilouma usiku huzibwa, na kuna uzibaji wa kuchimba kwa mkono bila mashine. Kwa mwenye hofu ya sauti ya mashine ni nafuu kubwa. Jino lililouma wiki nzima likanyamaza ghafla halijapona: mshipa wake umekufa, usaha unajipanga chini. Antibayotiki ya kununua vidonge vitatu dukani hulinyamazisha tu.

mtaa_wa_langoni
Karafuu je? Na aspirini ya kubandika?

koleo_na_ganzi
Mafuta ya karafuu, tone moja kwenye pamba ndani ya tundu, yanapunguza maumivu ya usiku mmoja. Aspirini ufizini inaunguza nyama, usithubutu.

Ukishang'oa: uma shashi nusu saa bila kufungua kuchungulia. Saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Baadaye nusu kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, baada ya kila mlo. Maumivu yakizidi siku ya pili mpaka ya nne na harufu mbaya, damu iliyoganda imetoka shimoni, rudi lisafishwe. Uvimbe ukishuka chini ya taya, kumeza kukawa kazi au ulimi ukainuka, hilo si la kungoja maji kujaa. Tafuta boti ya kukodi usiku huo huo.

shungi_la_mama
Kwa wanaouguza. Mtu akiwa chini kabisa usimwambie "kapige mswaki". Mpelekee kitandani mswaki ulioshapakwa, kikombe cha kutemea na taulo. Akikataa, mfutie meno kwa kitambaa safi chenye dawa kidogo. Siku mbaya mswaki wa mti nao ni kitu, lakini chovya ncha kwenye dawa ya floridi.

Ramadhani: wengi wetu ni Mashafi, mswaki baada ya adhuhuri unakaa karaha kwa mwenye kufunga, kwa hivyo usiku ndio wenu. Piga baada ya futari na tena baada ya daku, mwisho kabisa, usilale na uji wa sukari mdomoni. Wa lithium waongee na daktari kabla ya mwandamo, kwa sababu kukaa bila maji kwenye joto letu hupandisha dawa hiyo.

dau_la_mwao
Shukran. Kuna aliyeuliza pembeni: meno ya bandia yanamruka kwa sababu taya linacheza lenyewe?

koleo_na_ganzi
Huo mchezo wa taya huenda ni wa dawa yenyewe, apelekwe kliniki ya akili kabla hajalipia seti nyingine. Na usiku ayavue, ayaweke kwenye maji.