Tupeane uzoefu: mkasi gani unafaa kufungia ndoana za manyoya?

Reli_Mwisho
Wakuu, mwakeye. Mbalamwezi imeingia, taa za dagaa zimepumzishwa, na hapa Kigoma huu ndio muda wa kukaa chini kufunga ndoana za manyoya za kuvulia mgebuka na kuhe, yaani kuzungushia ndoana uzi, manyoya na singa ziwe chambo bandia. Mijadala yetu huwa ni namba ya ndoana na rangi ya unyoya, mkasi unaazimwa kwenye begi la mtoto wa shule. Ndiyo maana chambo kinatoka na mabaki ya manyoya mbele ya tundu la ndoana, mshipi haupiti, na ukilazimisha unaukwaruza.

Mada hii ni ya mkasi tu. Naanza na vipimo. Urefu wote sm 10 hadi 12, visu sm 2.5 hadi 3.5 kutoka skrubu hadi ncha. Ukizidi hapo, ncha inakuwa mbali na vidole na inacheza. Matundu ya vidole yawe mapana, kwa sababu mkasi huu hauwekwi mezani. Unakaa umevaliwa kidole cha pete huku gumba na shahada vikizungusha uzi. Tundu likibana utakuwa unauweka na kuuokota usiku kucha.

Wanaojua kuujaribu mkasi dukani kabla ya kulipa, karibuni.

Fundi_Cherehani
Kwanza usiukate kwenye karatasi ya risiti ambayo muuzaji atakupa. Karatasi kavu inakatwa na mkasi wowote.

Ufunge, uinue kwenye mwanga, uutazame kwa ubavu. Visu vya mkasi mzuri havilali bapa kwa bapa. Kila kimoja kimepinda kidogo sana, kwa hiyo utaona mstari mwembamba wa mwanga katikati, na vinagusana kwenye ncha. Mwanga ukipita kwenye ncha zenyewe, rudisha, hata uwe unang'aa vipi. Ufungue na kuufunga polepole karibu na sikio: unatakiwa usikie msuguano mmoja laini kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia "tik" mahali fulani, kisu kina pengo au kimegongana na mwenzake.

Halafu tishu. Ilowanishe, uikate kwa milimita 3 za mwisho tu. Ncha nzuri inaacha mkato msafi. Ncha mbovu inaikunja tishu na kuiingiza katikati ya visu, na manyoya ya shingo ya jogoo yatafanyiwa hivyohivyo.

Angalia kiungo pia. Skrubu inakazwa ikilegea, ribiti haikazwi, labda ugonge kwa nyundo na hapo ndipo mkasi unapokufa. Kukaza nako kuna kipimo chake: fungua visu hadi pembe mraba, shika mshikio mmoja, uachie mwingine. Ukianguka wote hadi kujifunga, umelegea. Usiposogea kabisa, umekazwa mno na makali yatalika. Ushuke kidogo usimame. Ukikaza, zungusha skrubu robo ya robo, siyo mzunguko mzima.

KibiriziKwanza
Nakazia kwa Fundi, na nyongeza: nenda na sumaku ya spika mbovu. Chuma cha pua kinachoweza kufanywa kigumu kinavutwa na sumaku. Visu vya chuma cha pua visivyovutwa kabisa mara nyingi ni vya aina ileile ya masufuria na vijiko, havishiki makali. Kuvutwa peke yake hakuthibitishi ubora, ila kutovutwa ni sababu tosha ya kuacha.

Pia tuache kusema "mkasi", tuseme "mikasi". Hakuna mmoja unaofanya yote. Wa kwanza ni wa ncha nyembamba: uzi, manyoya ya kuku, nyuzi za kiroba zilizochambuliwa. Wa pili ni mnene, hata wa bei ya chini: singa za mkia wa mbuzi, mirija ya manyoya, karatasi za kung'aa. Waya wa shaba wa kwenye mota usiguswe na mkasi wowote, tumia koleo. Waya mmoja ukikatwa kwa ncha unaacha pengo ambalo hulioni kwa macho, ila kuanzia siku hiyo kila unyoya unanasa palepale.

Ukilazimika kukata kitu kigumu kwa mkasi mwembamba, kiingize ndani kabisa karibu na skrubu. Kule nguvu ni kubwa na visu haviachani. Ncha ni za mkato wa mwisho tu.

Reli_Mwisho
Hapo kwenye mkato wa mwisho ndipo wengi wanapoharibu. Eleza hatua.

KibiriziKwanza
Ndoana imebanwa kwenye jiliwa, tundu linatazama kulia kwako. Umefunga singa, mabaki yamesimama juu ya kichwa. Vuta bobini (kishikio cha kibiringo cha uzi) chini na nyuma kwa mkono wa kushoto, uzi ukae mbali na njia ya visu. Laza mkasi karibu sambamba na shina la ndoana, ncha zikitazama nje kuelekea tundu, zisitazame mwili wa chambo. Kata kwa mshazari, ili mabaki yateremke kama paa la nyumba. Ukikata wima unaacha ngazi, na uzi utateleza juu ya ngazi hiyo na kuporomoka mbele ya tundu. Kumbuka kuacha nafasi tupu ya karibu milimita 2 nyuma ya tundu kabla hujaanza chochote. Hakuna mkasi utakaookoa kichwa kilichojaa tangu mwanzo.

Uzi wa kumalizia usiukate kwa kufunga visu. Uvute uwe umekaza, uguse kwa makali ya kisu kimoja, unakatika wenyewe bila kuacha kijimkia. Rangi ya kucha tone moja juu yake.

Na tafadhali, msisawazishe ncha za singa za nyuma kwa mkasi ili "zipendeze". Ncha ya asili ni nyembamba, ndiyo inayochezacheza majini. Ukiikata unapata ufagio. Chambo kikiwa kirefu mno kuliko dagaa unayemwiga, sema sm 8, fungua ufunge upya kwa singa fupi.

Zamu_ya_Usiku
Kwa wanaopita maduka ya vifaa vya hospitali: ulizeni mkasi mdogo wa upasuaji wa macho, sm 11.5, ulionyooka au uliopinda. Ni karibu kipimo kilekile alichotaja mleta mada. Ulionyooka unatosha kwa kazi zote. Uliopinda ni mtamu kwa kuzungukia kichwa cha chambo, ila unachosha kwa mikato mirefu.

Tahadhari tatu. Ukiona alama ya namba 2 ndani ya duara iliyokatwa kwa mstari, huo ni wa kutumika mara moja na kutupwa, na chuma chake kwa kawaida ni laini. Wa namna hiyo uliokwisha tumika hospitali usiuguse kabisa, hata kama mtu anakuuzia kwa bei ya karanga. Ya pili, mishikio ya rangi ya dhahabu kwenye vifaa vya upasuaji huashiria makali ya kabaidi ya tangsteni, ambayo ni magumu na yanadumu, lakini yanavunjika kama kigae ukiangusha mkasi sakafuni. Wapo pia wanaopaka dhahabu tu, kwa hiyo tazama kama kuna ukanda wa chuma tofauti uliounganishwa kwenye makali. Ya tatu, usiloweke mkasi kwenye dawa ya klorini ya kufulia. Inatoboa chuma cha pua vitundu vidogo. Maji, sabuni, ufute, tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu.

Mgebuka77
Wenye meno madogo kama msumeno kwenye kisu kimoja je? Naona wengi wanausifu.

Fundi_Cherehani
Unasifiwa kwa haki kwenye vitu vinavyoteleza: nyuzi za nailoni, mshipi wa kusuka, singa za mbuzi zilizonyooka. Visu laini vinazisukuma mbele kabla ya kukata, meno yanazishika. Lakini kwa uzi mwembamba meno huchana kidogo, na makali yakiisha humpati wa kuyanoa. Jiwe likipita juu ya meno yanaondoka. Mimi ningeuweka nafasi ya mkasi wa pili, siyo wa kwanza.

Na huo wa kwanza msiupeleke kwa mnoaji wa baiskeli. Jiwe lake linazunguka kwa kasi, ncha nyembamba inapata moto, inageuka bluu, na chuma kilichogeuka bluu kimeshapoteza ugumu. Tumia jiwe laini la mafuta, unoe ule mteremko wa nje tu kwa pembe yake ileile, mara tano sita kuelekea ncha. Upande wa ndani, kule visu vinakokutana, usinolewe. Ukiunoa unaondoa ule upinde niliousema, na mkasi hautakata tena hata tishu kavu.

Shotoo
Sisi wa mkono wa kushoto mbona tunakata kwa mkasi huohuo mpya na bado unakunja unyoya?

Fundi_Cherehani
Mkasi si mbovu. Mkono wa kulia ukifunga, gumba linasukuma nje na vidole vinavuta ndani, visu vinabanana. Mkono wa kushoto ukifanya vilevile, nguvu inaelekea upande wa pili, visu vinaachana. Kama hupati wa kushoto, jizoeze kuvuta gumba kuja upande wa kiganja na kusukuma vidole nje unapofunga. Au kata kwa mkono wa kulia: kazi ya ncha ni fupi, unazoeleka.

Mgebuka77
Na kuuhifadhi? Kwenye boti unyevu ni mwingi.

Zamu_ya_Usiku
Usiende nao ziwani, huo ni wa mezani. Boti ina mkasi wake wa mshipi. Huu ufunike ncha kwa kipande cha mrija wa dripu au wa juisi ulioziba upande mmoja, uuweke umelala na siyo ncha chini kwenye kikombe. Mrija uwe mkavu ndani. Ukiwa na maji, asubuhi utakuta kutu kwenye milimita 3 zilezile za kukatia tishu.