Naomba ushauri: Holmes nimkutanishe na Dracula au na mtu asiyeonekana?

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi fupi inayomkutanisha Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na viumbe wa filamu za kutisha za Hollywood za miaka ya 1930, na nimekwama. Holmes haamini mizimu. Kuna kisa chake cha mwaka 1924: mama anashukiwa kumnyonya damu mwanawe mchanga, kumbe alikuwa akiivuta sumu kwenye jeraha ili amwokoe. Sasa nikimletea Dracula, mnyonya damu wa kweli, si nitakuwa nimemharibu?

Lakini filamu ya Dracula ya 1931 inanivuta sana. Van Helsing, profesa anayemwinda Dracula, anafungua kasha la sigara lenye kioo kwenye kifuniko, anamtafuta Dracula ndani ya kioo, hamwoni, na hapo anajua ni mnyonya damu. Huo ni upelelezi mtupu! Kisha yupo yule mtu asiyeonekana wa 1933, anayeumbuliwa na nyayo zake kwenye theluji. Na kusoma nyayo ndiyo kazi ya Holmes.

Nimchukue yupi? Na msomaji ajue mapema kwamba kiumbe ni wa kweli, au agundue pamoja na Watson, rafiki wa Holmes? Wazoefu wa hadithi za upelelezi, nisaidieni tafadhali.