Uzi: Tuliowahi kupima sukari, tupeane uzoefu. Yako ilisoma ngapi?

Wakuu, habari za muda huu. Kila ikikaribia Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, mahema ya kupima bure yanajaa. Nilitobolewa kidole, ikasoma 9.4. Jirani yangu kwenye foleni akanipa pole kabisa! Muuguzi yeye akauliza nimekula nini. Chapati na chai ya maziwa, muda si mrefu. Akasema nirudi asubuhi na njaa ya saa 8, maji tu ruksa. Ikasoma 5.3. Wenzangu mlikutana na nini?

Bibi Harusi wa Zamani: Yangu haikuwa na utata. Kiu haiishi, usiku kucha niko chooni, magauni yananipwaya. Ilisoma 17. Daktari akasema mwenye dalili kama hizo, ikifika 11.1 hata kama ametoka kula, ni kisukari. Asiye na dalili hurudiwa siku nyingine kwanza.

Fundi Bomba: Mimi sikusikia chochote, presha ndiyo iliyonipeleka hospitali. Ya njaa 6.6. Kisukari kinaanzia 7, ila kuanzia 6.1 unahesabiwa uko njiani. Soda nimeacha, ugali tunabishana bado.

Mama Pacha: Mimi nilipimwa mimba ikiwa na wiki 26. Unanyweshwa glukosi gramu 75 tumbo tupu (utamu wa kutapisha, jamani), unapimwa kabla, baada ya saa 1, tena saa 2. Ya mwisho 8.9, na mjamzito mwisho wake ni chini ya 8.5. Nilipojifungua nikarudia, imeshuka.

Mtu wa Maabara: Naweni mikono na sabuni, mkauke. Kidole chenye maji ya embe kinapandisha namba. Kopo la stripu (vile vijikaratasi vya kudondoshea damu) lifungwe, unyevu unaziharibu. Na mashine ikiandika 126 usizimie, nyingine zinasoma kwa miligramu (mg/dL), si milimoli (mmol/L) kama namba zenu hapo juu: gawa kwa 18 upate 7. Kuna pia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari yako wa miezi 2 hadi 3, 6.5% kwenda juu ni kisukari. Mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni aseme mapema, majibu yake yanaweza kudanganya.

Fundi Bomba: Mkuu, hiyo nayo nilale njaa?

Mtu wa Maabara: Hapana, kunywa chai yako uje.