Wakuu naombeni ushauri: kanisa linasema mke wangu ni mchawi

BabaNeema: Habari za jioni wakuu. Tunaishi Lynn, Massachusetts, tunasali kanisa dogo la walokole wenzetu, la masharti makali. Binti wa mzee wa kanisa ameanza kuanguka kwenye maombi, anatetemeka, anasema mke wangu anamkaba usiku. Mchungaji anataka mke asimame mbele ya ushirika akiri, afunguliwe. Amekataa katakata. Sili, silali. Nimshawishi vipi?

Mnyalu Ughaibuni: Hameni kanisa mkuu.

Mama Kijacho: Pole kaka. Mimi mawifi walisema nimemlisha kaka yao limbwata, kisa amenogewa na ugali wangu. Leo hao hao ndio wanapiga simu kuomba ada za watoto wao.

Mtumishi Asiyelala: Kama ni safi, anaogopa nini kuombewa?

Shangazi Mkavu: BabaNeema, huyo binti hakuliota jina la mkeo. Nani alianza kulitaja?

BabaNeema: Shangazi, kabla binti hajaanza kuanguka niliongea na mchungaji faragha. Usiku nikienda kulala mke hubaki jikoni. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiko, midomo inacheza, sauti haitoki. Kuna ubaya gani kumweleza baba yako wa kiroho? Na mnielewe, simfukuzi. Nimemwambia akiri tu, yaishe.

Shangazi Mkavu: Kumbe shahidi wa kwanza ni wewe.

Kitabu Mkononi: Wakuu hii ni chai. Magoti mbele ya jiko, sauti haisikiki? Hayo ni maneno ya Giles Corey, mkulima wa Salem, Machi 1692, akitoa ushahidi juu ya mkewe Martha kwenye zile kesi za uchawi. Na Lynn na Salem ni pua na mdomo. Umetoka makumbusho ukatuletea uzi.

BabaNeema: Naapa simjui huyo Corey. Aliishia wapi?

Kitabu Mkononi: Aprili walimgeukia yeye, wakamkamata. Akagoma kujibu mashtaka, wakamlaza chini na kumrundikia mawe mpaka akakata roho, Septemba 19. Martha alinyongwa siku tatu baadaye.

Mtumishi Asiyelala: Hao walikuwa Wazungu wa dini jina tu.

Mama Kijacho: Mtumishi, hao walikuwa Wapuritani, Waprotestanti wa masharti makali, walivuka bahari kwa ajili ya dini yao. Wewe kuvuka barabara kwenda ibada ya asubuhi mtihani.

BabaNeema: Nimesoma sasa hivi kwamba waliokiri waliachwa hai. Si ndicho ninachomwambia mke wangu?

Kitabu Mkononi: Ni kweli, kamba iliwapata waliokana, watu 19. Lakini aliyekiri aliulizwa: ulikuwa na nani? Ikabidi ataje, na aliyetajwa akataja wengine, mpaka jela zikajaa. Elizabeth Johnson wa Andover alikiri, akahukumiwa kifo, akasamehewa asinyongwe. Hukumu ikabaki kwenye jina lake mpaka 2022, wanafunzi wa darasa la nane walipompigania bungeni. Mkeo akikiri Jumapili, Jumatatu ataulizwa amemrithisha nani.

Mnyalu Ughaibuni: Neema ana umri gani?

BabaNeema: Kumi na mbili. Mchungaji alishaniuliza kama naye hubaki jikoni na mama yake. Nilidhani anaulizia tu hali ya mtoto.

Kitabu Mkononi: Nafuta neno chai.

Shangazi Mkavu: Ulimjibuje?

BabaNeema: Nilisema ndiyo, huwa anamsaidia kuosha vyombo. Nimeahidi Jumapili tutakwenda wote watatu. Nikirudi nyuma wataniona mimi ndiye namkingia kifua.

Shangazi Mkavu: Mkingie! Ndiyo kazi ya mume. Jumapili nenda peke yako, useme mbele ya ushirika ule ule kwamba hukuona uchawi, ulimwona mkeo anasali. Neema asikanyage hapo. Na kabla hujalala leo, muulize mama yake alikuwa anaomba nini. Mpaka sasa umemuuliza kila mtu isipokuwa yeye.