Mjadala: Je, kila kiwanja Mbale kilazimishwe kuzuia maji yake ya mvua kabla watu wa kando ya mto hawajahamishwa?

Mkazi wa Namakwekwe

Naleta hoja hii kwa sababu kila msimu wa mvua ukikaribia, mazungumzo ya hapa Mbale, jiji la mashariki mwa Uganda chini ya Mlima Elgon, hurudi pale pale: watu wa kando ya mito ya Nabuyonga na Namatala wahame. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mito hiyo ilifurika na watu zaidi ya 20 wakafa. Tangu hapo ukitaja mafuriko tu, kidole kinaelekezwa bondeni. Mimi nasema tuanzie juu, kwenye mabati yetu.

Hesabu yake haihitaji injinia. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 likipata milimita 25, mvua ya jioni moja tu kwetu hapa, linamwaga lita 2,000. Hizo ni jerikani 100 kutoka nyumba moja. Palipokuwa na migomba na nyasi, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini taratibu. Leo tumemwaga zege uani mpaka getini, halafu tumetoboa ukuta ili maji yatokee barabarani. Yanamshukia jirani, na jirani naye anayasukuma kwa mwingine. Mtoni yanafika yote kwa wakati mmoja.

Ombi langu ni kwamba baraza la jiji litunge sheria ndogo. Anayejenga au kuezeka upya aweke gata pamoja na tangi au shimo la mawe la kuzamishia maji ardhini, na aache sehemu ya uwanja bila zege. Nyumba za zamani zipewe muda. Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya kuhamisha watu. Mnasemaje?

Mwenye nyumba, upande wa Wanale

Sikubali. Nalipa kodi ya majengo, na mitaro ni kazi ya jiji. Maji ya Julai 2022 yalitoka mlimani, hayakutoka kwenye paa langu. Kama mlima umelimwa mpaka juu na miti imekwisha, tangi langu la lita 1,000 litasaidia nini? Litajaa kabla mvua haijachanganya. Tena kanuni za kingo za mito tunazo tangu mwaka 2000: eneo la mita 100 kutoka ukingoni lihifadhiwe kwa mito iliyoorodheshwa, mita 30 kwa mingine. Zitekelezwe. Kwa nini tutafute sheria mpya wakati ya zamani imelala?

Mama mpangaji, Namatala

Mzee, nakujibu kwa heshima. Hatukuja mtaa huu wa Namatala, kando ya mto, kwa kupenda maji. Tulikuja kwa sababu pango la chumba huku tunaliweza, na kazi zetu ziko karibu kwa miguu.

Maji yakiingia ndani hayaji peke yake. Yanakuja na kaveera (mifuko ya plastiki), chupa, nepi za watoto, na kinyesi, maana wako watu huko juu wanaosubiri mvua kubwa ndipo wafungue choo kimwagike. Sisi ndio tunaokusanya hayo yote kwa mikono, na watoto wetu ndio wanaoharisha. Tunatoka na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, kufukua mtaro, tunalundika tope kando, gari la taka halionekani, mvua inayofuata inalirudisha tope lile lile ndani. Baganda wana bulungi bwansi, watu wote wanatoka kufanya kazi ya mtaa. Hapa kwetu anatoka wa bondeni tu.

Juni 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ilibomoa nyumba za watu waliokuwa kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala. Familia zikabaki nje na vyombo vyao. Ndiyo utekelezaji mnaoutaka? Futi kamba ya kupimia inashushwa kwetu kila mara. Aliyefunika kiwanja kizima kwa zege, nani alikwenda kumpimia? Nikipata chumba kingine kwa pango hili hili nahama kesho, sina ubishi. Mwezi wa nne nalala nimevaa, mtoto yuko kifuani.

Fundi wa mabomba na matangi

Mimi niko upande wa sheria ndogo, lakini msiandike "shimo la mawe" kwa kila mtu. Shimo lina masharti yake.

Bondeni Namatala maji ya ardhini yako karibu. Msimu wa mvua ukichimba kidogo tu unakutana nayo, kwa hiyo shimo halinyonyi kitu. Kwenye mteremko mkali wa Wanale ni hatari zaidi. Udongo wa Elgon ukishiba maji huporomoka, na yaliyotokea Bududa Machi 2010 hakuna aliyeyasahau. Huko juu mtu aweke tangi, na bomba la kumwaga ziada lielekee kwenye mtaro uliojengwa kwa mawe, kamwe lisielekee kwenye udongo ulio nyuma ya nyumba. Shimo linafaa viwanja vya katikati, mbali na msingi na mbali kabisa na choo cha shimo. Kulipima ni rahisi: chimba futi mbili, jaza maji, yaache yazame, jaza tena. Yakilala mpaka kesho yake, hapo hapafai.

Liko jambo moja ambalo wateja wangu wengi hawataki kulisikia. Tangi lililojaa halizuii mafuriko. Mtu analitunza limejaa kwa ajili ya kiangazi, mvua inakuja, maji yote yanapita juu yake kwenda barabarani. Msimu wa mvua tangi lifunguliwe kidogo kidogo baada ya kila mvua, ili lipate nafasi. Sheria isiposema hivyo, tutakuwa tumeuza matangi tu.

Mkulima wa mpunga, Butaleja

Sisi tuko chini yenu nyote. Mto Manafwa ndio unaonywesha mashamba ya mpunga ya Doho, na mchanga unaoletwa na mto unaziba mifereji yetu. Mto Namatala nao unaelekea Mto Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Mnajadili mabati, vizuri, lakini yuko anayelima mpaka mguu unaingia majini, na yuko anayechota mchanga kwenye ukingo. Kingo zirudishiwe mianzi na majani ya tembo. Mianzi ya malewa, yaani ile ambayo machipukizi yake huliwa, ni ya mlimani juu, lakini ziko aina nyingine zinazoota huku chini.

Mkazi wa Namakwekwe

Masharti ya fundi yaingie kwenye hoja kama yalivyo, hasa hilo la kulifungua tangi.

Mzee wa Wanale, ni kweli mvua ya 2022 ilikuwa ya mlima mzima, na matangi yasingeizuia. Lakini mama wa Namatala hazungumzii usiku mmoja. Anazungumzia kila Aprili na kila Oktoba, mvua za kawaida zinazoingia jikoni kwake, na hizo ni zetu sisi wenye mabati. Kanuni za mita 30 na 100 sizipingi. Ninachopinga ni kuanza na yule asiye na pa kwenda huku anayemmwagia maji akiachwa. Gharama ya tangi ni nzito, najua. Atakayeweka na kulitunza apunguziwe kodi ya majengo.

Mwenye nyumba, upande wa Wanale

Nikipunguziwa kodi nitaweka, hilo naliandika hapa wazi. Lakini hamjagusa nyumba za kupangisha. Mwenyewe anaishi Kampala, mpangaji hana ruhusa hata ya kugongomea msumari ukutani. Faini ataandikiwa nani?

Mama mpangaji, Namatala

Mwenye kiwanja. Pango linamfikia kila mwezi kwa simu, na LC1 ana namba yake. Ila sheria iandike pia kwamba haruhusiwi kupandisha pango kwa sababu ya tangi, la sivyo faini hiyo tutailipa sisi.